Ndege Asiyejua Kuugua

Ishirini na Saba alitoka kizimbani, akatua kwenye tawi la mti wa mtundu, akajikuna shingo kwa ukucha wa kushoto, kisha akatutazama sisi watu watatu tuliosimama kwenye nyasi kavu tumebana pumzi.

"Mpigie, Bibi," Dokta Wande akaninong'oneza.

Nikalamba midomo. Mluzi ule nilifundishwa na marehemu baba yangu, mrina asali wa Inyonga. Ni sauti mbili fupi, halafu moja ndefu inayopanda mwishoni kama mtu anayeuliza.

"Kwa meno hayo matatu, mtani," akasema Chilewa, "utamwita fisi."

"Nyamaza, Mgogo wewe. Meno yangu ni manne."

Chilewa alikuwa mwenyekiti wa warina wa Manyoni. Alikuja kituoni kwetu kuhakikisha kwa macho yake kama ni kweli tumempata mlembe anayekumbuka. Mlembe ndiye yule ndege wa asali, wa rangi ya kijivu, mdogo kuliko njiwa, anayemwongoza binadamu mpaka kwenye nyuki kisha akasubiri agaiwe nta.

Nikapiga. Ndege akainamisha kichwa upande, akatulia. Nikapiga tena. Wande alikuwa ameikumbatia kompyuta yake bapa kama mtoto mchanga, na kwenye kioo chake ile taa inayotoka kwenye bangili ya mguuni mwa ndege ilikuwa kijani, haichezichezi. Mara Ishirini na Saba akafungua mdomo wake wa waridi, akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mitatu. Chakachakachaka, kama kiberiti chenye njiti chache kikitikiswa karibu na sikio.

"Amejibu!" Wande akaruka. "Bibi, amekujibu!"

"Acha kupiga kelele, kimbia!"

Tukakimbia. Ndege akiruka alitanua mkia ili zile nyoya nyeupe za pembeni tuzione, akatua mti wa mbele, akatungoja, akatuita. Tukifika anaruka tena. Kiatu kimoja cha Wande kilibaki kwenye njia ya ng'ombe na hakurudi kukichukua. Chilewa, mtu mzima wa miaka sitini na miwili mwenye kitambi, alikuwa akikimbia huku akiomba dua kwa Kigogo. Mimi nilikwenda mwendo wangu, ila moyo ulikuwa umeshafika mbele yao wote.

Kwenye mninga mmoja mkubwa uliochanika ubavu, ndege akanyamaza. Akahama tawi hili na lile, kimya. Hapo baba angesema, tumefika.

Nikaweka sikio kwenye gome. Ngurumo ya ndani kwa ndani. Nyuki!

Chilewa akavua kofia, akakaa chini akalia. Sikumcheka. Mizinga ya kufugwa ilikuwa imekauka nchi nzima, kuanzia Kibondo mpaka Handeni. Nyuki waliosalia walikuwa wa porini, wamejificha kwenye mashimo ambayo droni nane zilizopita juu ya msitu huu mwaka jana hazikuyaona. Zilirudi na picha za majani. Nao milembe, waliokuwa wakiyajua mashimo hayo yote, walikuwa wamepatwa na homa ya ukungu. Aliyepona alibaki mzima wa mwili, lakini kichwani hamna kitu. Huyu Ishirini na Saba tuliletewa akigonga kichwa kwenye bakuli lake la maji kwa kulisahau lilipo, na bakuli lenyewe halijasogezwa.

"Malkia mmoja tu akihamia kwangu," Chilewa akasema, akijifuta kwa kofia. "Alizeti inafungua maua baada ya siku ishirini na nne. Nani atayabebea chavua? Mimi?"

"Utapata ndege mia mbili, Mzee," Wande akamwambia. Alisimama na kiatu kimoja, soksi ya pili imejaa miiba, anacheka. "Wiki ijayo, mia mbili."

*

Kazi yangu kituoni ilikuwa kulisha na kupuliza dawa. Wande, ambaye alishamaliza udaktari wake wa kitabu na kupewa miaka miwili ya utafiti hapa, alinieleza siku ya kwanza bila haraka, nami nikamwuliza mpaka nikaelewa.

Virusi vya homa vikiingia, mwili wa ndege unaamka kupigana. Joto linapanda, mwili unavimba, na mapigano hayo yanafika mpaka kwenye ubongo. Hali hiyo wataalamu wanaiita mchochota. Kuna kipande cha ubongo, kwa mlembe ni kikubwa kuliko cha ndege wengi wa kimo chake, kinachotunza ramani ya miti yote. Mchochota ukikaa hapo muda mrefu, ramani inachafuka. Wande alitengeneza poda nyeupe, laini kuliko unga wa muhogo, ambayo ndege akiivuta inapenya mpaka ubongoni na kuutuliza ule mchochota. Baada ya wiki moja ramani inarudi. Bangili ya mguuni ndiyo inayopima. Nyekundu, ubongo unawaka. Kijani, umetulia.

Kila asubuhi saa moja nilimpulizia kila ndege aliyeugua mara mbili. Kisha nta, kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kila ndege na kisahani chake chenye namba. Wande alikuwa mkali sana kwenye visahani. Ilikuwa ni kwa ajili ya hesabu, ajue nani kala kiasi gani.

Kwenye banda kubwa, mbali na wale mia mbili waliotibiwa vizimbani, tulikuwa na ndege ishirini na wanne. Kumi na wawili walishaugua na walikuwa kwenye poda, Ishirini na Saba akiwemo. Kumi na wawili wengine hawakuwahi kuugua. Tuliwalea wenyewe tangu mayai, na wao hawakupewa dawa. Taa za wote zilikuwa kijani, ndiyo maana walichanganywa.

Jioni ile tuliporudi kutoka kwenye mninga, Chilewa alinipa sega zima, refu kama mkono, lenye nta mpya ya manjano. "La kiongozi," akasema.

Kwetu, siku ndege amekuonyesha nyuki, mgao wake haukatwi. Unawekwa mzima, juu ya majani mabichi, naye anakula na anaokutana nao. Ukimkatia vipande umemtukana, na kesho hakuongozi. Sikuwaza visahani. Nilitandika majani ya msasa katikati ya banda, nikaweka sega, nikarudi nyuma.

Walishuka wote. Ishirini na Saba akala kwanza, wenzake wakamzunguka, wakasukumana, wakanyang'anyana vipande midomoni. Nilisimama pale nikifurahi kama mtu aliyeozesha binti.

Usiku nilipoandika kwenye daftari la malisho, niliandika: visahani 24. Nilijiambia kwamba sega moja siyo jambo la kumsumbua mtu aliyechoka.

*

Siku ya sita baadaye ndiyo ilikuwa siku ya kuwaachia. Asubuhi lori la Manyoni lilishageuzwa kinyumenyume kwenye kibaraza, na vizimba mia mbili vilikuwa vimepangwa, kila kimoja na mlembe wake aliyetibiwa, taa mia mbili za kijani. Ulikuwa uzuri wa kukufanya usahau kunywa chai. Chilewa alizunguka akivihesabu, akikosea, akianza upya.

Mimi nilikwenda banda kubwa, nikakuta watano wameugua.

Wote watano walikuwa wa wale tuliowalea. Walikuwa wamejikunyata kwenye pembe nne za banda, wawili tu ndio waliokuwa pembe moja, na hata hao walipeana mgongo. Manyoya yamevimba, macho nusu, taa za miguuni nyekundu. Nta hawakuigusa.

Wande alikuja mbio, akachuchumaa. "Wameipata wapi? Wavu umetoboka?"

"Wavu mzima. Niliukagua jana."

"Basi ni ndege wa nje aliyekaa juu akanya. Bibi, watoe hawa watano tuwatenge. Lori lisichelewe."

Akaondoka. Nami badala ya kuwatoa, nikakaa kwenye ndoo niliyoifunika, nikatazama. Nimefuga kuku miaka hamsini. Kuku akiugua hujitenga. Humwambii, hujitenga mwenyewe, na mara nyingi ndiyo salama ya wenzake. Hawa watano walikuwa wanafanya hivyo hivyo. Lakini Ishirini na Saba hakukaa pembeni hata siku moja tangu aanze poda. Alikuwa pale katikati ya fito, amembana mwenzake bega kwa bega, anampekua manyoya ya shingo, wanagusana midomo. Mchangamfu, taa yake kijani.

Nikalikumbuka sega. Nikakumbuka nani alinyang'anyana na nani. Ninakumbuka vitu vidogo, ndivyo nilivyo: wale watano ndio walioshuka mapema, wakala ubavuni mwake.

Nikainuka kwenye ndoo.

Hakuna aliyejua habari za sega isipokuwa Chilewa, naye alidhani ndiyo kawaida yetu. Nikinyamaza, lori litaondoka, Wande atasifiwa, mtani wangu atapata nyuki wake. Nikisema, nitamharibia binti huyu kazi ya miaka miwili, na mimi mwenyewe sidhani kama ningeruhusiwa tena kushika ufunguo wa banda. Nje nilisikia turubai la lori likifunguliwa.

Nilimkuta Wande akitia saini makaratasi juu ya boneti.

"Daktari, weka kalamu."

"Bibi, baadaye kidogo."

"Hapana. Sasa hivi. Siku ile ya mninga niliwapa sega moja wote. Sikutumia visahani. Na kwenye daftari niliandika uongo."

Akaniangalia. Uso ulimbadilika, ukawa wa mtu aliyemwagiwa maji. "Bibi Nyanzala. Wewe? Katika watu wote?"

"Mimi. Nigombeze baadaye, una haki. Lakini sikiliza kwanza. Wagonjwa ni wale waliokula sega ubavuni mwa Ishirini na Saba. Sasa, aliwapa nini, kama yeye ni mzima?"

Wande akaacha makaratasi. Kalamu ikaviringika juu ya boneti, ikaanguka, hakuiokota.

"Rudia," akasema polepole.

Nikarudia, pamoja na ile ya kukaa bega kwa bega na kugusana midomo, na ya kuku. Nilipofika kwenye kuku alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Bangili inapima mchochota," akasema, na hakuwa anasema na mimi. "Haipimi virusi. Tuliona kijani tukasema amepona. Ee Mungu! Bibi, njoo!"

Alikimbia kuelekea maabara, na mimi nyuma yake na kanga mkononi. Alichukua pamba nyembamba, akampitishia Ishirini na Saba kooni, akaitumbukiza kwenye chupa, akaitia kwenye mashine. Dakika kumi na moja. Tulisimama tumeshikana mikono kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani. Mashine ikalia. Wande akasoma namba, akaisoma tena kwa kidole.

"Amejaa," akasema. "Amejaa virusi mpaka juu. Hajawahi kupona hata siku moja. Tumeuzima moto, na askari waliokuwa wanapigana na virusi tumewalaza." Kisha, sijui kama nitaeleweka, macho yake yakang'aa. "Bibi, unajua umeona nini? Mchochota ndio unaomwambia akae pembeni! Ugonjwa wenyewe una sehemu iliyo kwa ajili ya wenzake. Nimesoma miaka kumi na mbili, nimekuwa nikiitazama hiyo sehemu kama uchafu wa kufagia."

"Kwa hiyo lori?"

Mng'ao ule ukazimika.

*

"Hapana," Chilewa alisema. "Hapana, hapana, hapana. Mtani, mwambie huyu mtoto."

Tulikuwa kibarazani, katikati ya vizimba. Ndege walikuwa wanaita, ndege mia mbili, viberiti mia mbili.

"Mzee Chilewa," Wande akasema, "kwako Manyoni homa haijafika. Milembe wako wa porini wamebaki wangapi?"

"Hawafiki ishirini."

"Ukiwafungulia hawa, watakutana nao kwenye nta ya kwanza. Na hawa wangu hawatajitenga, kwa sababu hawajui kama ni wagonjwa. Mwezi mmoja tu, hutakuwa na hata hao ishirini. Na homa itavuka kwenda Rungwa."

"Na alizeti? Siku kumi na nane, Daktari. Nina vijiji saba. Nyumbani kwangu mke wangu anachavusha maboga kwa unyoya wa kuku, ua moja moja, tangu alfajiri mpaka jua linamchoma. Unataka nirudi nimwambie nini? Kwamba ndege walikuwepo, wanakumbuka, wanaongoza, ila tumewaacha?"

 Wande aliokota kizimba kimoja, akakitazama ndani.

"Kuna njia," akasema. "Tunaacha poda leo. Kesho mchochota utarudi. Wataugua kweli, homa kali, na hatutawapa kitu cha kuwatuliza. Miili yao itapigana na virusi yenyewe. Siku saba, nane. Atakayepona, tutampima koo, na akiwa safi ndipo tutamtuliza ubongo. Ndege wa kwanza watakuwa tayari siku mbili tatu kabla maua hayajafunguka. Labda."

"Wangapi?"

"Sijui."

"Wangapi watakufa, Daktari?"

"Sijui, Mzee. Huenda mmoja kati ya wanne. Huenda zaidi." Akakiweka kizimba chini. "Nilikula kiapo cha kuwaondolea maumivu. Sasa ninataka kuwarudishia kwa mkono wangu. Bibi, ni halali hiyo?"

Wote wawili wakanigeukia, kana kwamba mimi niliyeharibu ndiye nijue kutengeneza.

"Mimi sijui halali ya vitabu," nikasema. "Ila anayepuliza kila asubuhi ni mimi. Siyo mkono wako, ni wangu. Na mimi kesho sipulizi."

Chilewa alikaa juu ya ngazi ya lori. Akachuna tope kavu la kwenye tairi kwa ukucha. Halafu akamwambia dereva, "Zima gari. Shusha turubai." Akanigeukia. "Mnyamwezi, nitalala wapi? Siondoki bila ndege wangu. Na ugali wako nimeshausikia sifa zake, nitapika mwenyewe."

*

Kesho yake sikupuliza. Saa moja mkono ulinyanyuka wenyewe kwa mazoea, nikaurudisha. Tuliwahamisha wale saba wazima chumba cha mbali, kisha Wande akavuta kiti mbele ya banda kubwa. Chilewa akaja na sufuria lake. Tukangoja.

Saa nne, Ishirini na Saba yuko katikati ya fito, anapekua wenzake. Saa sita, vivyo hivyo. Saa nane Wande akaanza kutembea huku na huku, anakula kucha. "Na kama tumechelewa? Kama mwili umesahau kupigana kabisa? Kama poda imeufundisha kulala moja kwa moja?"

"Kaa chini, mjukuu wangu. Unawatia wasiwasi."

Saa tisa na robo, Ishirini na Saba aliacha kupekua. Alitikisa kichwa mara moja, kama aliyeingiwa na inzi sikioni. Yule jirani yake akamsogelea, akamnyooshea shingo. Hakumgusa. Akasogea hatua moja. Jirani akamfuata. Akasogea nyingine.

Wande alinishika bega, vidole vikanizama.

Ndege akanyanyua mbawa, akazishusha, halafu akaruka kwa uzito, akavuka banda zima, akatua kwenye ule ufito mfupi wa pembeni ambao hakuna ndege anayeupenda kwa sababu upepo unaupiga. Akageuza mgongo. Manyoya yakamvimba, moja moja, mpaka akawa kama mpira wa pamba. Na mguuni, taa ikacheza, kijani, kijani, halafu nyekundu.

Nilipiga vigelegele. Sikujua kama navipiga mpaka nilipojisikia. Wande alikuwa analia na kuruka, "Amejitenga! Amejitenga mwenyewe!" Chilewa akadondosha mwiko. Akina mama wa jikoni walitoka mbio wakidhani kuna mtu amejifungua, nao bila kuuliza wakanipokea vigelegele, kituo kizima kikalia.

"Kuna nini?" mmoja akaniuliza, anahema, anacheka.

"Ameugua," nikamwambia.

Kicheko kikamwishia mdomoni. Akamtazama yule ndege mdogo anayetetemeka peke yake upeponi, akanitazama mimi.

"Sasa si atakufa?"

Wande alishajifuta machozi, anavuta kiti chake kukisogeza karibu na ule ufito mfupi, kimya kimya, asimshtue.

"Tutakaa naye," akasema.